Tuanzishe nchi yetu Msimbati: nini hasa huifanya nchi iwe nchi?

Chukua ramani ya Tanzania, ushuke na pwani mpaka chini kabisa. Pita Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Mikindani na mji wa Mtwara. Kabla tu mto Ruvuma haujamwaga maji baharini utaona kidole cha ardhi kimejitokeza kwenye Bahari ya Hindi. Hiyo ni rasi ya Msimbati. Kuna ghuba ya Mnazi, kusini kuna mikoko ya mlango wa Ruvuma, na ukivuka mto uko Msumbiji.

Leo nakuomba tufanye jaribio. Tuseme kesho asubuhi hapo Msimbati inatangazwa nchi mpya. Usiogope, hatufanyi uhaini. Ni nchi ya kuigiza, inakaa kichwani tu. Wanaosoma uchumi na siasa hufanya hivi mara nyingi: wanaunda nchi za kufikirika kwenye karatasi au kompyuta, wanazipa watu, mashamba, kodi na serikali, halafu wanabadilisha kitu kimoja tu waone kitatokea nini. Nchi halisi haikubali mchezo huo. Huwezi kuirudisha Tanzania mwaka 1961 ukaiambia ianze upya bila korosho. Nchi ya kuigiza unaweza kuianzisha hata mara mia kabla ya chai ya asubuhi.

Kwa nini Msimbati? Kwa sababu kuna mtu alishajaribu, tena kwa kweli.

Sultani wa Msimbati

Mwaka 1959 Mwingereza mstaafu aliyekuwa akiishi Msimbati, Latham Leslie-Moore, alitangaza kuwa Msimbati imejitenga na Tanganyika. Akajiita Sultani. Nchi yake ikawa na bendera, na yeye akataka dunia imtambue. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kama nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, na dalili za uhuru zilikuwa zinaonekana kila upande. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata serikali ya Tanganyika huru ilituma askari Msimbati, na usultani ukaishia hapo.

Wengi wakisikia kisa hiki hucheka, na ni haki yao. Lakini ukishamaliza kucheka linabaki swali gumu. Mipaka ya Tanganyika yenyewe ilichorwa na Wazungu waliokaa mezani Ulaya. Bendera ya Tanganyika nayo ni kitambaa. Kwa nini basi Tanganyika ilikuwa nchi na Msimbati ikawa kichekesho? Kuna kitu gani kimoja walichokuwa nacho na kingine hakuwa nacho?

Maneno manne na vigezo vinne

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana tuna maneno manne ambayo watu huyachanganya. Nchi ni ardhi, ndiyo maana tunasema nchi kavu. Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja. Serikali ni wale wanaoongoza kwa sasa, na wanaweza kuondoka kesho. Dola ni ile mamlaka yenyewe inayobaki hata serikali ikibadilika: mahakama, polisi, kodi, madaftari, mihuri. Leslie-Moore alikuwa na kipande cha nchi. Akadhani ukishaweka bendera juu ya nchi unapata dola.

Wanasheria wana kipimo chao. Tarehe 26 Desemba 1933, mjini Montevideo, Uruguay, mataifa ya Amerika yalitia saini mkataba unaotaja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na madola mengine. Walioutia saini ni wa bara moja tu, lakini mpaka leo mjadala wa sheria popote duniani huanzia kwenye sifa hizo nne.

Mpime Sultani wetu. Eneo: lipo, rasi inaonekana hata angani. Watu: wapo, vijiji vya wavuvi na wakulima waliokuwa pale kabla yake na bado wapo baada yake. Serikali: hapa panaanza kulegea, kwa sababu mtu mmoja akijiita Sultani hajawa serikali. Uhusiano na madola mengine: hakuna aliyefungua mlango. Mtihani wa maswali manne, mawili amefeli. Na hata lile la watu, tukilitazama vizuri, alama yake ina walakini. Watu walikuwepo, ila hawakuwa wake. Tutalirudia hili.

Mpaka: mstari unaochorwa mbali

Sasa tuijenge nchi yetu vizuri zaidi kuliko yeye. Tuanze na mpaka. Utasema, rahisi, kusini kuna mto. Sawa, lakini hebu tuone mto huo umeleta nini.

Mwishoni mwa mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa Ruvuma ndiyo itenganishe makoloni yao. Mwaka 1894 Wajerumani wakaja na hoja kwamba Wareno hawana haki ya kitu chochote kaskazini ya rasi ya Delgado, wakachukua kipande kidogo cha ardhi kusini ya mlango wa mto. Kipande hicho kinaitwa pembetatu ya Kionga. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakakirudisha kwa nguvu, na mwaka 1919, vita ilipokwisha, wakuu wa Ulaya wakathibitisha kuwa ni chao. Leo Kionga iko Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado.

Hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1885 na akaishi miaka arobaini alibadilishiwa mkoloni mara mbili bila kuhama nyumba. Shamba lake lilibaki lilelile, kisima kilekile, msikiti uleule. Kilichobadilika ni ofisi ya kulipia kodi na lugha ya karani.

Mito nayo ina tabia zake. Ruvuma inapofika mabondeni inabeba mchanga, inajenga visiwa, inavibomoa, inahamisha mkondo. Nchi ikishajiwekea mto kuwa mpaka, imekubali kuwa na mpaka unaotembea.

Baharini ndiko kwenye mambo makubwa zaidi. Kwa sheria ya kimataifa ya bahari, dola la pwani lina haki za kiuchumi hadi maili 200 za baharini, yaani kama kilomita 370. Sasa chukua kalamu. Tuseme wewe na jirani yako mnachora mstari wa mpaka kutoka mlango wa mto kwenda baharini, na mmoja wenu akaupindisha kwa nyuzi moja tu. Ufukweni hutaona tofauti. Ukifika mwisho wa kilomita 370, mistari miwili imeachana kwa kilomita sita na nusu hivi, na pembetatu iliyopo katikati ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,200. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yote ina kilomita za mraba 650. Yaani kosa la nyuzi moja linaweza kumeza hifadhi karibu mbili, pamoja na samaki na chochote kilicho chini ya sakafu ya bahari. Ndiyo maana Tanzania na Msumbiji zilikaa na kuandikiana makubaliano ya mpaka wa baharini mwaka 1988, miaka mingi kabla ya ugunduzi mkubwa wa gesi katika kina kirefu cha bahari hiyo.

Funzo kwa nchi yetu ya kuigiza: mpaka ni makubaliano na jirani. Mstari uliouchora peke yako ni picha.

Watu: utamwandika nani?

Tumepata mpaka, tuwaandikishe raia. Unafika kwenye nyumba ya kwanza. Mama anaishi kaskazini ya mto, lakini mashamba ya mpunga ya ukoo wake yako kusini. Mumewe ametoka ng'ambo. Kwa Wamakonde wengi ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo ukitaka kujua mtoto ni wa wapi, sheria ya nyumba inaweza kukupa jibu moja na sheria ya dola ikakupa jingine. Utamwandika wapi?

Hili si swali la kubuni. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, na upande wa Tanzania waliotoka kusini wamezoeleka kuitwa Wamawia. Septemba 1964 vita ya ukombozi ilipoanza Msumbiji, watu wengi walivuka mto kuja kujihifadhi, na FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilifundisha wapiganaji wake Nachingwea. Uhuru wa Msumbiji ulipokuja tarehe 25 Juni 1975, wengine walirudi, wengine walibaki, na wengine wakawa na jamaa huku na huku. Miaka ya karibuni mto umepitisha pia machungu: baada ya mashambulizi kuanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, vita ya Cabo Delgado ilifika mpaka upande wa Tanzania, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Mto uleule unaovusha mahari na mchele huvusha na moto.

Dola linatatua swali la huyu mama kwa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dola limelichukulia neno hilo kwa uzito kuliko mfanyabiashara yeyote. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, daftari la wapiga kura, orodha ya wakulima. Ukimwona mtu ana kitambulisho, maana yake dola limemwona kwanza. Faida yake ni kwamba anaweza kudai. Hasara yake ni kwamba anaweza kudaiwa.

Sultani wa Msimbati hakuwahi kufika hapo. Wavuvi wa Msimbati hawakuwa na sababu ya kwenda kwake kuandikisha mtoto, kuamua kesi ya mnazi, wala kulipa kodi.

Kutambuliwa: nani atafungua mlango?

Kigezo cha nne ndicho kinachowagawa wataalamu. Wako wanaosema dola ni dola likishatimiza masharti, hata majirani wakigeuza uso. Mkataba wa Montevideo wenyewe uko upande huo. Wengine wanasema la, bila kutambuliwa na wenzako huna dola, sawa na ndoa isiyo na shahidi hata mmoja.

Angalia Somaliland. Ilitangaza kujitenga na Somalia tarehe 18 Mei 1991. Ina fedha yake, bunge, polisi, chaguzi, pasipoti. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 haikupata kutambuliwa na nchi mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa. Sudan Kusini ilitangaza uhuru tarehe 9 Julai 2011 na siku tano baadaye ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa, ingawa vyombo vyake vya dola vilikuwa bado vichanga sana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba Sudan yenyewe ilikuwa imekubali kura ya maoni ya mwezi Januari mwaka huo.

Afrika ina sababu ya kuwa na mkono mzito. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Walijua mipaka ile ni ya mkoloni. Hofu yao ilikuwa kwamba ukianza kurekebisha mmoja, hutajua pa kusimama. Msimbati mmoja angezaa Msimbati mia.

Lakini tuwaweke watu wawili mezani. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akizungumza kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Naye hakuwa na jeshi. Hakuwa na serikali wala hazina. Kwa vigezo vya Montevideo, siku ile alikuwa na pengo kubwa kama la Leslie-Moore. Alichokuwa nacho ni wanachama, matawi, kadi, watu waliochanga nauli, na mikutano ambako mtu angeweza kumwinukia na kumpinga. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipokuja, wagombea wa TANU na waliounga mkono chama hicho walishinda, na madai ya New York yakawa na ushahidi nyumbani. Mwaka huohuo wa 1959 Sultani wa Msimbati alikuwa anatangaza nchi yake. Wote wawili waliomba kutambuliwa. Mmoja alikuwa anasema kwa niaba ya watu, mwingine kwa niaba ya ufukwe.

Hazina: nchi mbili, tofauti moja

Sasa tufikie uchumi, ndipo mchezo wa kuigiza unapoanza kutufundisha vitu ambavyo hatukuvitarajia. Tuunde nchi mbili pacha. Kila moja ina kaya 1,000, na serikali ya kila moja inahitaji shilingi milioni 100 kwa mwaka kuendesha shule, zahanati na barabara. Tarakimu ni za kubuni, usiende kuzitafuta popote. Watu ni walewale, dini zilezile, ngoma zilezile. Tunabadilisha kitu kimoja: fedha zinatoka wapi.

Ya kwanza ni Jamhuri ya Korosho. Hapa kila kaya ina mikorosho, na kwa wastani kila kaya inatoa shilingi 100,000 kupitia makato ya mazao. Ili serikali izipate, inahitaji nini? Inahitaji kuwajua wakulima wote 1,000 kwa majina. Inahitaji mizani isiyoiba, ghala, karani, barabara ya kupitisha lori wakati wa mvua. Wakulima wakikasirika, wanaweza kuficha korosho, kuziuza usiku kwa mlanguzi, au kuiacha mikorosho iingie msitu. Serikali ya namna hii haina budi kuongea na watu wake, hata kama haiwapendi.

Ya pili ni Jamhuri ya Gesi. Hapa kampuni moja inachimba visima na inalipa milioni 100 zote kwa hundi moja. Serikali inahitaji nini? Saini, uzio, mlinzi na bomba. Inaweza kumaliza mwaka mzima bila kuhitaji chochote kutoka kwa zile kaya 1,000. Nazo kaya hazina cha kuizuia nacho. Huwezi kuficha gesi chini ya uvungu.

Mwaka 1970 mchumi Hossein Mahdavy, akiandika kuhusu Iran, alieleza dola linaloishi kwa malipo ya rasilimali kutoka nje badala ya kodi za watu wake. Tangu hapo watafiti wengi wamelichambua wazo hilo: serikali isiyohitaji jasho la wananchi inapata kishawishi cha kutosikiliza sauti yao. Ngoja, si sheria ya Mungu. Norway ina mafuta na Botswana ina almasi, na zote zina taasisi zinazoheshimika. Mambo mengi yanategemea kama watu walikuwa wameshajenga njia za kuuliza maswali kabla fedha hazijaanza kuingia.

Na usidhani Jamhuri ya Korosho ni pepo. Mtwara halisi inajua. Kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani wakulima wengi walikuwa mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, wanaomjia mkulima ana shida, wanampa fedha kidogo, wanachukua korosho kwa vipimo vyao. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005 na mfumo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada, malipo yanarudi baada ya makato. Bei ikawa inasikika hadharani. Ila dola nalo likapata mlango mmoja ambao korosho zote lazima zipite, na mwenye kushika mlango anaweza pia kuufunga. Mwaka 2018 tuliona yote. Katikati ya mwaka Bunge lilibadili sheria, na sehemu kubwa ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, ikabaki katika mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa. Novemba, baada ya mvutano wa bei na wanunuzi, serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Tofauti na gesi, mabishano haya yalikuwa na uzito kwa sababu mkulima alikuwa na kitu mkononi. Alikuwa na gunia.

Gesi haitoki

Turudi Msimbati yenyewe, tuache kuigiza. Gesi ya ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kutumika mwaka 2006 kuzalisha umeme wa eneo hilo. Kisha ukaja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini kuupinga. Januari 2013 vurugu zikazuka, na tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipokuwa inasomwa bungeni, mji ukalipuka. Majengo yalichomwa, watu walikufa, wanajeshi wakaingia mitaani. Kauli iliyobaki vinywani ni maneno mawili: gesi haitoki.

Walio mbali waliisikia kauli hiyo kama vile Mtwara inataka kujitenga. Kwa kipimo chetu cha Montevideo, haikuwa hivyo hata kidogo. Anayetaka kujitenga hudai mpaka, bendera na kutambuliwa. Madai ya Mtwara yalielekezwa kwa dola lao wenyewe: viwanda vijengwe hapa, kazi zipatikane hapa, tuelezwe tunapata nini. Walikuwa wanadai kama raia.

Na walikuwa na kumbukumbu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, wa 1947 hadi 1951, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo yake. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli kuelekea Nachingwea. Karanga zikashindwa. Bandari ilibaki, lakini reli iling'olewa miaka ya 1960. Ukiwa umezaliwa mahali ambapo reli iliwahi kuja na ikaondoka, ukiambiwa bomba linapita kwako kwenda kwingine, kuuliza maswali ni akili ya kawaida.

Kisheria jibu la serikali lilikuwa na msingi: rasilimali za Tanzania ni mali ya Watanzania wote, na Mtwara nayo inakula matunda ya maziwa, madini na bandari za wengine. Jirani wa kisima hawezi kuwa mmiliki pekee, la sivyo kila wilaya itakuwa Msimbati ya Leslie-Moore. Lakini angalia pia kinachobaki karibu na kisima. Chini ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982, mwaka 2013 halmashauri zilitoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Katika kila shilingi milioni moja ya mauzo, hiyo ilikuwa shilingi 3,000. Kwa mauzo makubwa zinaweza kuwa fedha nyingi kwa halmashauri ya vijijini. Kwa mama anayetazama bomba likipita nyuma ya shamba lake, ni hesabu inayohitaji maelezo marefu, na mwaka 2013 maelezo hayo yalichelewa. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Hapa ndipo nchi zetu mbili za kuigiza zinatusaidia. Jamhuri ya Gesi ilituonyesha kwamba kaya hazina cha kuzuia. Hazina gunia la kuficha. Kilichobaki mikononi mwa watu wa Mtwara kilikuwa miili yao barabarani, na gharama yake ilikuwa kubwa mno.

Swali la tano

Ukipitia upya safari yetu utaona kitu. Mwaka 1886 mpaka uliwekwa, wakazi wa mlango wa Ruvuma hawakuulizwa. Mwaka 1894 na 1916 Kionga ilichukuliwa na kurudishwa, hawakuulizwa. Mwaka 1959 Msimbati ilitangazwa kuwa usultani, hawakuulizwa. Mradi wa karanga, vilevile. Watu wa kudumu ndicho kigezo cha kwanza kabisa katika orodha ya Montevideo, na ndicho kila mwanzilishi amekichukulia kama mandhari tu, sawa na minazi.

Kwa hiyo katika nchi yetu ya kuigiza mimi naongeza swali la tano: watu hawa wanaulizwa kwa njia gani, na wakisema hapana, nini kinatokea? Halina nafasi katika mkataba wa 1933. Lakini ndilo lililowatenganisha Nyerere na Sultani, na ndilo lililokuwa likipigiwa kelele Mtwara mwaka 2013.

Jaribu mwenyewe. Chukua karatasi, chagua kata yako, iwe Msimbati, Kilambo, Tandahimba au Mbagala. Ipe kaya 1,000. Andika fedha zinatoka wapi, nani anashika mizani, daftari liko kwa nani. Halafu chagua jambo moja ambalo wananchi hawalitaki, uandike hatua kwa hatua watalizuiaje bila mtu kuumia. Ukikwama kwenye hatua hiyo, usiifute. Iandike kwenye maoni hapo chini, tuijadili.